Nilidhani mashine imechoka

Kwaya yetu ya hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, ina watu 22 wakija wote, na hawaji wote. Kila Pasaka tunaimba "Haleluya" ya mtunzi Handel kwa noti za solfa, zile za doh, re, mi, karatasi zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimekuwa kama mchwa waliokanyagwa. Mimi naimba teno. Kwa miaka 11 nimeuimba wimbo huo bila kuwahi kuusikia, maana ukisimama mbele ya mabesi wawili wenye vifua vyao husikii muziki, unasikia mabesi.

Mwaka juzi mzungu mmoja wa Lavington, mtaa wa matajiri, alikuwa anahama, vitu vyote vinauzwa getini. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kutafuta friji, akanipigia simu.

"Kuna sanduku la santuri hapa. Zile zako za kanisa kanisa. Anataka elfu tatu."

Nikatuma M-Pesa papo hapo kabla mwenyewe hajaghairi. Mashine ya kuzichezea niliipata miezi miwili baadaye, ya mtumba, pamoja na amplifaya inayonuka vumbi ikipata moto.

Ndani ya sanduku mlikuwa na Messiah mbili, ile kazi ndefu ya Handel ambayo "Haleluya" imo ndani yake. Nilicheka: mtu mzima ananunua kitu kimoja mara mbili, kama aliyesahau kwamba chumvi iko nyumbani. Moja ilikuwa ya Thomas Beecham akiongoza okestra ya Royal Philharmonic, iliyorekodiwa mwaka 1959. Ya pili ilikuwa ya Christopher Hogwood na okestra ya Academy of Ancient Music, iliyotoka mwaka 1980. Sikuyajua majina hayo. Nilimjua Handel peke yake.

Kusikiliza muziki huu Umoja ni kazi ya usiku. Benga au rumba ukishaiwekea sauti, inakaa palepale mpaka mwisho. Huu haukai. Unashuka mpaka kunong'ona, na mchana mnong'ono huo unamezwa na honi ya matatu au na kreti ya chupa inayoburutwa baa ya chini. Basi unaongeza sauti upate kusikia, na papo hapo tarumbeta na ngoma zinaingia, Mama Kevo wa ghorofa ya juu anagonga sakafu kwa mwiko. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikaenda barabara ya Luthuli mjini kununua vipokea sauti vya kufunika masikio. Kuanzia hapo nikawa nasikiliza baada ya saa nne usiku, taa imezimwa, karatasi ya solfa mapajani na tochi ya simu. Stima ikipotea, na hupotea, santuri inapungua mwendo taratibu na kwaya nzima ya London inageuka kuwa ng'ombe. Usiku wa kwanza niliruka kitandani.

Beecham ndiye nilianza naye. Jamani. Ni okestra nzito, iliyopangwa upya na Eugene Goossens, yenye ala ambazo Handel hakuziandika kabisa: matoazi yanalipuka katikati ya "Haleluya" kama masufuria yaliyoanguka harusini. Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Nilirudia mara nne, na mara ya nne nikaimba teno yangu kwa sauti ya chini, nikiwa nimevaa soksi sebuleni.

Sisi wa solfa doh yetu huhama. Mwalimu akiipiga popote, tunaanzia hapo bila kuuliza. Ndiyo maana nilikaa na santuri zile mbili muda mrefu bila kugundua kitu. Niligundua Jumamosi moja nilipomtoa Beecham na kumweka Hogwood hapohapo bila hata kunywa maji. Doh ilishuka. Nikafikiri ni usingizi. Nikawasha kinanda changu kidogo, nikabonyeza D, ambayo ndiyo doh ya "Haleluya": kwa Beecham ilikaa vizuri, kwa Hogwood ilichacha. Nikahama, nikabonyeza ile nyeusi iliyo chini yake. Ikakaa.

Nikajua mashine imechoka. Mkanda umelegea, santuri inazunguka polepole, sauti inashuka; ng'ombe wa siku za stima walikuwa wameshanifundisha hilo. Jumatatu nikaifunga kwa leso mbili, nikapanda nayo matatu mpaka mjini. Kondakta akanitoza nauli ya watu wawili.

Fundi wangu yuko ngazi ya pili ya jengo moja karibu na Luthuli, kijana mpole wa kuhesabu maneno. Akafungua, akavuta mkanda kwa kidole.

"Boss, huu mkanda bado kabisa."

"Lakini inaimba chini."

Hakubishana. Alikata kipande cha karatasi, akakibandika ukingoni mwa sahani, akawasha saa ya simu. "Tuhesabu," akasema. Santuri hizi kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika moja, kwa hiyo dakika tatu kamili zinatakiwa kutoa mizunguko 100. Tulihesabu sote wawili kwa sauti, na mteja aliyekuja na redio yake akaungana nasi kuanzia arobaini. Mia ilitimia saa ya simu ikigonga dakika ya tatu. Kama mashine ingekuwa imechoka kiasi cha kushusha doh kwa nusu hatua, tungepata 94 hivi.

"Hizo zingine zinaimba sawa?" akauliza.

"Sawa kabisa. Ni hii moja tu."

Akaniangalia kwa huruma. "Boss, mashine haichagui santuri."

Alinitoza shilingi mia mbili za kuhesabu. Nililipa bila neno, kwa sababu swali lile ningepaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kufunga leso.

Jibu lilikuja kanisani. Kuna mama mmoja ambaye huja mara mbili kwa mwaka kupatanisha nyuzi za piano yetu, ana kile chuma cha pembe mbili anachokigonga gotini na kukiweka sikioni. Nilimngoja amalize.

"Mama, samahani. Santuri yangu moja inaimba nusu hatua chini na mashine ni nzima."

"Ni ya ala za zamani?"

Nikasema inaonekana hivyo, kwenye jalada wameandika.

"Basi iko sawa. Hao wamekaa 415."

Alinieleza huku akikusanya zana zake. Chuma chake yeye kinatoa noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na hiyo 440 ilikubaliwa na nchi mbalimbali kwenye mkutano wa London mwaka 1939 tu. Zamani kila mji ulikuwa na A yake, na hata katika mji mmoja kinanda cha kanisani kingeweza kutofautiana na cha jumba la muziki. Wapiga ala za enzi ya Handel wa siku hizi wamezoea 415, ambayo inaangukia karibu kabisa nusu hatua chini ya 440. Akacheka alipoongeza kwamba kuna chuma cha pembe mbili kinachohusishwa na Handel mwenyewe, na chenyewe kinatoa 422.5. Yaani hiyo "ya zamani" nayo ni mapatano ya watu wa juzi.

Hapo ndipo nilianza kusikiliza kwa kweli. Mpaka siku ile nilikuwa naamini santuri ni kama picha ya pasi: wimbo uko mahali fulani, mashine imeupiga picha, basi. Sasa nilijua kwamba kabla ya noti ya kwanza mtu alikwisha kukata shauri doh iwe wapi, na kama alikata shauri hilo, alikata mengine pia. Nikaanza kuyawinda. Nilichukua wimbo mmoja kwa wiki, si zaidi. Usiku mmoja nafuata besi peke yake, usiku wa pili nyuzi, usiku wa tatu nahesabu ni wapi wanavuta pumzi. Obo, ile ala ya kupuliza, ilinisumbua, sikuweza kuitenga na fidla, mpaka nilipokwenda kwenye onyesho moja la okestra mjini na kuiona mdomoni mwa mtu. Tangu hapo siikosi. Hili nawaambia wanaoanza: nendeni mkaone ala kwa macho kwanza, masikio yatafuata.

Kwa Hogwood niligundua kwamba soprano za kwaya yake ni watoto wa kiume, kwaya ya kanisa kuu la Christ Church, Oxford, na alto ni wanaume wazima. Santuri hiyo inafuata jinsi kazi ilivyopigwa London mwaka 1754, katika hospitali ya watoto waliotelekezwa, ambako kwaya haikufika watu 30. Chini ya 30! Nilisimamisha mashine. Miaka yote mwalimu wetu amekuwa akiomba radhi kwa waumini kwamba "kwaya yetu ni ndogo kwa wimbo huu."

Beecham simdharau. Kuna wanaomwona kama dhambi, na matoazi yale kwa kweli ni ya mtu aliyeshiba. Lakini Jumapili baada ya pilau hakuna mwingine ninayemtaka. Siku za kazi ni Hogwood, kwa sababu kwake sauti nne zinaachana kama vidole na mimi naisikia teno yangu inakopita.

Mwezi wa tatu nilibeba mashine mpaka kwenye mazoezi, safari hii kwa bodaboda. Nikawawekea Beecham, wakapiga makofi. Nikawawekea Hogwood, wakanyamaza. Mwalimu akaomba tena, kisha akamgeukia mpiga kinanda.

"Hebu shusha nusu."

Kijana akabonyeza kitufe mara moja. Tuliimba. Zile noti za juu ambazo kila Pasaka sisi wateno huzifikia kama watu wanaochungulia ukuta, tukazipata miguu ikiwa chini. Mabesi wakalalamika kwamba kwao kumekuwa shimo. Mwalimu akasema ataamua Alhamisi.

Alto nao hawakuwa na habari na mambo ya nusu hatua. Walikuwa wamelizunguka jalada la santuri, Mama Wambui akiwa mbele na miwani yake.

"Wewe," akaniambia, "rudisha pale mwanzo. Wanaume gani wanaimba hivi?"