Seva imenishtua nikiwa kwenye matatu

Jana usiku nilimaliza kuweka Prometheus (programu ya kufuatilia hali ya seva) na node_exporter (inayoipa vipimo kama nafasi ya diski) kwenye seva yetu ya Linux. Mwezi uliopita diski ilijaa kimyakimya, tukaambiwa na wateja. Aibu gani hiyo!

Leo asubuhi niko Thika Road, foleni haisongi pale Roysambu, simu ikatetema: "Diski 91%."

Nikaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiendesha ukiwa mbali) papo hapo, konda ananigonga bega anataka nauli.

Kumbe ni /var/log/journal, folda ya logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), zimevimba. Nikaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja, amri ya kufuta logi za zamani zibaki kama MB 500:

journalctl --vacuum-size=500M

Ikashuka hadi 64%. Konda bado amenyoosha mkono.

(Bandari 9100, mlango wa node_exporter, iko ndani ya VPN, yaani mtandao wetu wa faragha, kwa hiyo msianze kunihubiria usalama.)

Nyinyi onyo la diski mnaliweka asilimia ngapi? Naona 90 nimechelewa.