Gogo la mwembe na mbegu za uyoga

Hapa Tabora uyoga tumezoea kuuokota porini wakati wa masika, chini ya miyombo. Ule haukubali kupandwa kwenye gogo, maana unaishi kwa kushikana na mizizi ya mti ulio hai. Mimi nimeanza na mamama, uyoga unaoota kwenye miti iliyokufa. Gogo bichi la mwembe, ambalo halijaanza kuoza: unatoboa matundu, unashindilia mbegu (yaani utando hai wa uyoga uliooteshwa), unaziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta inazuia gogo lisikauke na kuvu wengine wasiingie, na kwetu nta haitafutwi mbali! Magogo yangu yamelala kivulini, nayamwagilia kiangazi chote. Ni kazi ya miezi, siyo wiki. Jana nimeona utando mweupe kwenye ncha za magogo, dalili kwamba uyoga umeanza kuenea ndani. Jamani, nimefurahi mno! Aliyekata mwembe karibuni asichome magogo, anitafute.