Kusafirisha udi kutoka Unguja hadi Ulaya bila kuupasua wala kumaliza mfuko

Udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, ukikaa miaka Unguja huzoea hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 85. Ukiufikisha Berlin mwezi wa Januari, ndani ya nyumba yenye hita, unyevu unaweza kushuka hadi asilimia 30 au chini yake. Mbao hunywea. Uso wa udi ni ubao mwembamba, kama milimita 2, uliogandishwa kwa gundi kingo zote. Unapotaka kunywea na hauna pa kwenda, hupasuka kufuata nyuzi za mti, na mbavu za mgongo nazo huanza kuachana. Lawama huwaendea wapakuzi wa uwanja wa ndege, ilhali nyufa za namna hii mara nyingi hutokea siku kadhaa baada ya kufika, udi ukiwa umeshatundikwa ukutani. Kama tarehe iko mikononi mwako, tuma kati ya Mei na Septemba, hita zikiwa zimezimwa.

Kabla ya kufunga, legeza nyuzi zote kwa toni moja hadi mbili, basi. Usizilegeze kabisa: vigingi vya udi hushikwa na msuguano tu, na vikikauka njiani huchomoka na kuzunguka ndani ya kasha vikikwaruza uso. Kanuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ina hesabu yake. Daraja lake halikugandishwa, limekaa juu ya ngozi kwa mgandamizo wa nyuzi zake karibu 78. Ukizilegeza zote linaanguka, na kulirudisha na kutuni upya ni kazi ya siku nzima. Kwa kanuni shusha nusu toni, kisha ulaze kitambaa laini juu ya nyuzi. Fidla pia usiivue nyuzi zote, maana kijiti kilichosimama ndani yake kitaanguka.

Mahali udi unapovunjika hasa ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Kichwa kimepinda kwenda nyuma karibu pembe mraba, kwa hiyo kasha likiangukia mgongo, kichwa ndicho kinachopokea pigo. Weka taulo iliyokunjwa au sponji ngumu chini ya shingo, karibu na kiungo, mpaka shingo ibebe uzito, na uache nafasi ya kidole kuzunguka kichwa kisiguse kitu chochote. Risha (kijiti cha kupigia nyuzi), nyuzi za akiba na kamba ya begani vitoe humo, vifungwe pembeni. Funga kasha, litikise. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze tena.

Kasha gumu liingie katika katoni ya kuta mbili, na pande zote sita ziwe na sponji au plastiki ya viputo yenye unene wa sentimita 5. Magazeti yaliyofinyangwa hayafai: baada ya saa chache za mtikisiko yameshalala chini, na kasha linacheza. Ndani ya kasha tia vifuko vya kudhibiti unyevu vya asilimia 49, vile vinavyotoa na kunyonya. Vile vidogo vya viatu hunyonya tu, navyo humzidishia ukavu mtu anayetuma Ulaya.

Sasa bei. Kampuni za vifurushi vya haraka hutoza kwa uzito halisi au kwa ukubwa, kutegemea upi umezidi. Ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5000. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawa kwa 6000. Katoni ya 90 × 52 × 36 inahesabiwa kilo 33.7 hata kama mizani inasema 7. Ipunguze sentimita 5 kila kipimo, iwe 85 × 47 × 31, inashuka hadi kilo 24.8. Punguzo hilo lisitoke kwenye sponji. Litoke kwenye kasha linaloubana udi vizuri na katoni iliyokatwa kwa kipimo chake. Uliza pia bei ya EMS, huduma ya haraka ya posta, na kikomo cha vipimo kwa nchi unayotuma.

Meli huonekana rahisi, lakini ukichangia kontena hutozwa kwa mita ya ujazo, mara nyingi kwa kima cha chini cha mita moja, na juu yake gharama za bandari za pande zote mbili. Zaidi ya hapo, kontena lililo juani hupita nyuzi joto 50, na gundi ya ngozi inayoshika udi za kale hulegea kwenye joto la namna hiyo. Kwa udi mmoja, meli haina faida.

Njia nafuu kuliko zote bado ni msafiri. Kasha gumu la 80 × 42 × 26 lina jumla ya sentimita 148, ndani ya kikomo cha 158 cha begi la kawaida la ndege nyingi. Mfungulie msafiri kasha tupu alione, na umpe karatasi ya thamani. Akubali kwa kujua anachobeba.

Forodha wanajali kilichopamba udi. Pembe za ndovu na magamba ya kasa ng'amba zimo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Zikipatikana bila kibali, udi unaweza kutaifishwa. Ngoma iliyowambwa ngozi ya kenge au chatu inahitaji kibali pia. Mpingo uliokwisha kuwa ala hauhitaji tena kibali cha CITES tangu 26 Novemba 2019. Ukitengeneza sanduku la mbao, mbao ziwe zimepashwa nyuzi joto 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa HT, la sivyo tumia plaiwudi. Andika namba ya forodha 9202 na thamani ya kweli: tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya hauachi tena kutoza VAT kwa bidhaa ndogondogo zinazonunuliwa nje.

Thamani hiyo ndiyo msingi wa bima, na bima uilipie. Bila tamko maalumu, Mkataba wa Montreal unamwekea mbeba mizigo wa ndege kikomo cha SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa), yaani kwa furushi la kilo 7 ni kama dola 250. Piga picha kila hatua ya ufungaji, na kichwa kionekane wazi, kwa sababu dai la kwanza la bima huwa "ilifungwa vibaya".

Anayepokea asifungue siku hiyo hiyo. Aache katoni chumbani saa 24, kisha kasha, kisha apandishe nyuzi kwa awamu ndani ya siku mbili au tatu. Baada ya hapo udi ukae kashani na kipima unyevu, kati ya asilimia 45 na 55, mbali na hita.