Daftari la maktaba liliandika mtu mmoja

Jumamosi nilikaa kwa kompyuta ya maktaba karibu saa nzima, na kwenye daftari la mlangoni ikaandikwa mtu mmoja, saa ya kuingia, saa ya kutoka, basi. Sasa ndani ya huo muda nilimfailia jirani yangu anayeuza mboga ritani zake za kodi za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kabla 30 Juni haijamkuta, nikamsaidia mpwa wangu na fomu ya mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ndo nikatuma CV yangu mwisho kabisa. Hapo tumefaidika watu watatu, na wawili hata hawakutia mguu maktaba.

Hii kitu inaniuma juu bajeti ikifika watu huangalia hilo daftari, na wakiona majina machache wanasema kompyuta hazitumiki.

Marekani walijaribu kupima vizuri zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliuliza watu mwaka 2009, wakati kazi zimepotea kila mahali, ripoti ikatoka 2010: karibu theluthi moja ya watu wa miaka 14 kwenda juu, yaani kama milioni 77, walikuwa wametumia kompyuta au waifai ya maktaba ndani ya mwaka mmoja. Lakini hawakuishia kwa kuhesabu vichwa, waliuliza pia ulikuja kufanya nini, ni kazi, ni masomo, ni afya ama huduma za serikali, na asilimia 40 hivi ya hao watumiaji walikuwa na mambo ya kazi. Iliyonigusa zaidi ni hii, asilimia 63 walisema waliwahi kuingia mtandaoni kwa ajili ya mtu mwingine. Kama mimi na mama mboga tu!

Wengine hupima kwa pesa, saiba ya mtaani kwetu ni bob moja kwa dakika so saa nzima umeokoa 60. Sawa, ni kitu, lakini ukiishia hapo mkopo wa HELB unaosomesha mtoto umeupa bei ya dakika nilizokaa. Mimi ningetaka mtu apigiwe simu baada ya miezi mitatu aulizwe, ile fomu ilijibiwa? Kazi ulipata?

Nimemwomba dada wa mapokezi achore safu moja zaidi kwenye daftari, ya umemfanyia nani na nini. Amesema ataulizia kwa mkubwa wake.