Zulia la chumba cha mama, Mwanga: sakafu kwanza

Hatimaye zulia limelala, ukuta hadi ukuta. Mama ameshasema kiti kitolewe humo ndani, yeye atakaa chini.

Kazi kubwa ilikuwa sakafu. Hapa Kigoma nyumba nyingi zimekaa kwenye mteremko, na mvua ikinyesha maji hupita karibu na msingi. Niru, lile tabaka laini la saruji linalomalizia sakafu, inaweza kung'aa juu huku saruji ina unyevu ndani. Ukiifunika, zulia linaota ukungu na kunuka. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote nilibandika vipande vya nailoni sakafuni, nikaziba kingo zote kwa selotepu pana, nikaviacha hadi kesho yake. Chumbani kukavu kabisa. Koridoni, upande wa bafu, nilikuta matone chini ya nailoni na saruji imebadilika rangi. Huko haliingii zulia mpaka tujue bomba linavuja wapi.

Chumba ni mita 3.6 kwa 4.2. Roli lina upana wa mita 4, nikakatiwa urefu wa 4.4, kwa hiyo hakuna mshono hata mmoja. Fundi alitaka masalio ya pembeni yaungwe mbele ya kabati. Nilikataa: nyoya zikilala upande mwingine, rangi ileile huonekana kama mbili.

Chini tumetandika sponji ya zulia, ile nzito ya milimita 8. Ya godoro ni nafuu, lakini miguu ya kitanda ikishaibonyeza, hairudi.

Pembeni tumezungusha mbao nyembamba zenye vimisumari vilivyoinama. Vimisumari lazima vielekee ukutani, vinginevyo zulia halinasi. Kati ya mbao na ukuta tuliacha mwanya mwembamba kidogo kuliko unene wa zulia. Misumari ya zege ilikuwa inaipasua niru, tukazibandika mbao kwa gundi. Kisha zulia linavutwa, linanasa, na ukingo wake unasukumwa ndani ya mwanya kwa patasi butu. Ule mkato unapozama wote na kupotea, ujue vipimo vimekubali. Hatua hii nimeipenda mno, ningeirudia nyumba nzima.

Mlango uligoma kufunguka. Tumeung'oa, ukapigwa randa chini, sasa unapita vizuri. Umebaki mkanda wa aluminiamu wa kizingitini. Fundi bomba anakuja Jumamosi, tutaanza kupasua upande wa bafu.