Ni Jino Lipi Linalohitaji Kofia?

Hapa Nakuru, wengi wetu husikia habari za kofia ya jino kwa mara ya kwanza tukiwa tayari kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, bila nafasi ya kuuliza. Naandika ili mtu aende akijua ni kwa nini huenda akaambiwa anaihitaji, na ni wakati gani ana haki ya kusita.

Kofia hii ni ganda la chuma au la kauri linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya ufizi. Ili ganda litoshee, jino huchongwa pande zote, kwa kawaida milimita 1 hadi 2, na kilichochongwa hakioti tena. Kwa hiyo lazima pawe na sababu ya maana.

Sababu iliyo wazi zaidi ni gego lililotibiwa mzizi. Gego hilo huwa limeliwa na uozo, kisha likatobolewa kutoka juu ili kufikia neva, hata kuta zake zikabaki nyembamba. Shangazi yangu alipotibiwa hivyo maumivu yalikwisha, akaona kofia ni gharama ya bure. Gego likapasuka hadi mzizini akitafuna mahindi ya kuchoma, ikabidi ling'olewe. Iliniuma sana, kwa kuwa sehemu ngumu ya matibabu alikuwa ameshaivumilia na kuilipia. Meno ya mbele hayabebi uzito kama huo, hivyo baada ya matibabu ya mzizi si lazima yavikwe kofia yote.

Huvikwa kofia pia jino ambalo sehemu yake kubwa imebaki kuwa kizibo tu, lenye ufa unaouma mtu anapong'ata, au lililolika kwa kusagwa usingizini. Hata magego ya utotoni yaliyooza sana hufunikwa kwa kofia za chuma, yasing'olewe kabla ya wakati wake.

Sasa nije kwenye meno ya kahawia, jambo linalotugusa sana huku Bonde la Ufa. Miamba ya volkano hutia madini ya floraidi kwa wingi katika maji ya visima, mara nyingine kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akiyanywa meno yake yakiwa bado yanaundwa ndani ya taya, huota na madoa. Binti wa jirani yetu aliambiwa avike kofia meno yake yote sita ya mbele. Niliyatazama kwenye mwanga wa dirisha: yalikuwa na mabaka ya kahawia, lakini uso wa meno hayo ulikuwa laini na mzima. Daktari wa pili aliyasugua na kuyang'arisha, akafunika mabaka yaliyobaki kwa utando mwembamba, bila kuyachonga. Naamini huyo ndiye aliyemtendea haki. Ni tofauti pale ambapo enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imejaa vishimo na inamegeka vipande vipande, kwani hapo rangi si shida kuu tena, na kofia inastahili.

Kwa walio na watoto wadogo, kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua. Maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ndiyo yanayofaa kunywewa hadi mtoto atimize takriban miaka 8.