Fosfeti Inapojificha Ndani ya Mawe

Nambari inayosomeka kwenye kipimo cha fosfeti, kirutubishi kinachootesha mwani, hueleza sehemu ndogo tu ya fosfeti iliyomo katika tangi la kufugia matumbawe na samaki. Sehemu iliyobaki imeshikamana na mawe na mchanga, kwa kuwa vyote viwili ni kabonati ya kalsiamu, na fosfeti hunata kwenye kabonati ya kalsiamu kwa urahisi. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha maji, akapima akaridhika, kisha baada ya siku chache akakuta kiwango kimepanda tena ingawa hajaongeza chochote. Mawe yameachia kilichokuwa kimehifadhiwa humo, na yataendelea kuachia kila fosfeti ya majini itakapopungua. Asiyelijua hilo hulaumu chumvi, kipimo, na hatimaye muuza samaki.

Kabla ya kuyashughulikia mawe, sharti kuziba mlango ambao fosfeti mpya inapitia, na kwetu sisi tunaoishi Uingereza mlango wa kwanza ni bomba la jikoni. Katika sehemu kubwa ya nchi hii kampuni za maji huongeza fosfeti kwa makusudi, kwa sababu nyumba nyingi za zamani bado zina mabomba ya madini ya risasi, na fosfeti hujenga utando ndani ya bomba unaozuia risasi isiyeyukie katika maji ya kunywa. Kwa afya ya watoto wetu ni jambo jema kabisa. Kwa tangi la matumbawe hesabu yake ni nyingine. Maji yenye takriban miligramu 1 ya fosforasi kwa lita yana takriban miligramu 3 za fosfeti, hivyo ukitumia lita 20 za maji hayo kubadilisha sehemu ya kumi ya tangi la lita 200, umeingiza miligramu 60 za fosfeti, yaani umelipandishia tangi zima kiwango kwa miligramu 0.3 kwa lita, kipimo nitakachokitumia kote hapa. Mimi nalenga kati ya 0.03 na 0.1. Dawa ya kuondoa klorini haiigusi fosfeti, na kuchemsha maji hakusaidii. Kinachosaidia ni kichujio cha osmosisi kinachofuatiwa na resini ya kuondoa ayoni, na resini hiyo ibadilishwe kabla haijachoka. Aliye Mombasa au Dar es Salaam asikopi hesabu yangu, bali apime maji ya kwake.

Mlango wa pili ni chakula, na huu haufungwi. Chakula kikavu cha samaki kwa kawaida huwa na fosforasi inayokaribia asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo gramu moja huleta takriban miligramu 30 za fosfeti. Sasa linganisha: tangi lile lile la lita 200 likiwa na kiwango cha 0.3, kubadilisha lita 20 kwa maji safi kabisa huondoa miligramu 6 tu. Gramu moja ya chakula imeleta mara tano ya kile ulichokitoa kwa ndoo, jasho na sakafu iliyolowa. Wengi hushauri kusuuza uduvi wa kugandishwa kabla ya kuwapa samaki. Sikatazi, lakini fosforasi nyingi imo ndani ya nyama yenyewe, haimo katika majimaji yanayomwagwa. Wala sioni busara ya kuwanyima samaki chakula; samaki kama kangaja akikonda ubavu ni hasara kubwa kuliko mwani kidogo kiooni.

Kuhusu kupima, vifaa vinavyosoma rangi kwa mwanga vinafaa zaidi kuliko kulinganisha rangi na karatasi kwa macho, kwani katika viwango hivi vya chini rangi ya samawati huwa hafifu mno. Hata hivyo alama ya kidole juu ya kichupa au kiputo kimoja cha hewa kilichong'ang'ania ukuta wake kinatosha kupotosha jibu. Mimi hukisuuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe, hukifuta kwa kitambaa kikavu, hukiingiza kikiwa kimeelekea upande ule ule kila mara, na unga wa kupimia nikautikisa mpaka chembe ziishe. Ziko pia mashine zinazoonyesha fosforasi badala ya fosfeti, kwa sehemu katika bilioni. Hapo zidisha kwa 3.07 kisha gawa kwa 1,000, ili 20 iwe 0.06. Nimeona watu wazima wakibishana usiku kucha, kumbe mmoja anasoma fosforasi na mwenzake fosfeti.

Kwa nini basi tusiishushe hadi sifuri? Ni kweli kwamba fosfeti nyingi huzuia fuwele za kabonati ya kalsiamu kujijenga, hivyo mifupa ya matumbawe hukua polepole. Lakini mwani mdogo unaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha unaihitaji fosforasi kama kiumbe kingine chochote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwamba nitrojeni inapokuwa nyingi huku fosfeti ikipungua mno, matumbawe hupauka kwa urahisi zaidi yanapokabiliwa na joto na mwanga. Katika matangi ya nyumbani, sifuri huleta balaa jingine: dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye viputo vya hewa unaofunika mchanga mchana na kupungua usiku. Kuuondoa ni kazi ngumu kuliko kuondoa mwani wa kijani.

Njia maarufu ya kupunguza fosfeti ni chembechembe za oksidi ya chuma ndani ya mtungi unaopitishiwa maji taratibu, kiasi cha chembe za juu kutikisika tu bila kusagana. Zisuuzwe kwanza kwa maji yaliyochujwa mpaka maji mekundu kama ya kutu yageuke meupe, la sivyo vumbi hilo litatua juu ya matumbawe. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo au chini ya hapo, na upime ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) kila siku, kwa maana mara nyingine nao hushuka. Mashaka yangu ni gharama: mawe yaliyoshiba huzichosha chembe hizo haraka, na kama kiwango kimezidi 0.5 utanunua kopo baada ya kopo.

Katika hali hiyo kloridi ya lanthanamu ni nafuu zaidi. Hushikana na fosfeti na kuwa vumbi jeupe laini mno, ambalo lazima linaswe katika mfuko wa kuchujia wenye matundu ya mikroni 10 au chini. Idondoshwe tone kwa tone ndani ya mfuko huo, ikiwa imezimuliwa, isimiminwe tangini, kwani vumbi likifika kwenye matamvua ya samaki huwadhuru, na wafugaji wengi wanasema kangaja ndio huanza kuhema. Kwa mawe makavu ya mtumba ni bora kuyatibu nje, ndani ya pipa lenye maji ya chumvi na pampu, kabla hayajaingia nyumbani.

Siki, ambayo hulisha bakteria wanaobeba virutubishi hadi kwenye mashine ya kutoa povu, inasifiwa kupita uwezo wake. Bakteria huhitaji nitrojeni nyingi zaidi kuliko fosforasi. Kwa uwiano wa Redfield, atomi 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi, kila 0.1 ya fosfeti inayotoweka huenda na takriban 1 ya nitreti. Tangi lenye nitreti 2 na fosfeti 0.5 litaishiwa nitreti huku fosfeti ikiwa bado karibu 0.3, na hapo siki haina la kufanya tena.

Mimi hupendelea mwani wa Chaetomorpha, unaofanana na bonge la nyuzi za mshipi zilizotatizana, katika chumba chake chini ya tangi, ukiwashiwa taa usiku wakati taa za juu zimezimwa. Yeyote aliyekulia Paje au Jambiani, vijiji vya wakulima wa mwani Zanzibar, anafahamu kwamba mwani usiovunwa hauna faida, na hapa ni vivyo hivyo: fosfeti hutoka tangini siku unapolichana bonge na kulitupa nusu yake. Kazi yake ni ya polepole, na hilo linayafaa mawe, ambayo nayo huachia polepole.

Anayetumia chembe za chuma apime maji yanayotoka mtungini pamoja na yale ya tangi. Nambari mbili zikilingana, chembe zimekwisha nguvu. Zikitofautiana ilhali kiwango cha tangi hakishuki, mawe bado yanaachia, basi aache mtungi uendelee na asiongeze kipimo.